Mapunye yatibiwe likizo hii: barua ya kufunga muhula wa kwanza

Ofisi ya Mwalimu Mkuu,
Shule ya Msingi,
Juni.

Kwa wazazi na walezi wote,
Darasa la awali hadi darasa la saba.

YAH: KUFUNGA SHULE, NA MATIBABU YA FANGASI ZA NGOZI WAKATI WA LIKIZO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ndugu wazazi na walezi, nawasalimu nyote. Muhula wa kwanza umefika mwisho na watoto wanarudi kwenu kwa likizo ya mwezi mmoja. Habari za taaluma zimo kwenye ripoti ya kila mwanafunzi pamoja na tarehe ya kufungua shule. Mchango wa chakula cha mchana tutauzungumza kwenye kikao cha wazazi. Barua hii nimeitenga kwa jambo moja lililotusumbua tangu masika ianze, nalo ni fangasi za ngozi, hasa mapunye.

Walimu wa madarasa wanapokagua usafi asubuhi wanakuta watoto wenye mabaka yaliyonyonyoka nywele. Wengi wako madarasa ya chini, na sababu yake inajulikana. Mapunye ni ugonjwa hasa wa watoto ambao hawajabalehe. Mtoto akivunja ungo au akibalehe, mafuta ya kichwani hubadilika na fangasi hazipati tena makao mazuri kama mwanzo. Kwa hiyo mzazi mwenye mtoto wa darasa la kwanza, la pili au la tatu, naomba usome barua hii mpaka mwisho, na leo jioni umkalishe mwanao kwenye mwanga umtazame kichwa chote, pamoja na kisogoni na nyuma ya masikio.

Utakachotafuta ni baka lenye magamba meupe, mara nyingi la mviringo, ambalo nywele zake zimekatika. Nywele zikikatikia kwenye ngozi huacha vidoa vyeusi vidogo vidogo. Wengine hawana baka la kueleweka, wana ukurutu mkavu tu kama mba, na wanajikuna. Tezi za shingoni kwa nyuma nazo huweza kuvimba. Mapunye si kulogwa wala si damu chafu. Si uchafu wa mama pia, na hilo nalisema kwa sababu nimeona akina mama wakiinamisha uso ofisini kwangu kana kwamba wamekamatwa na kosa. Mtoto anayeogeshwa asubuhi na jioni huyapata sawasawa na mwenzake, ilimradi wamelala mto mmoja au wamenyolewa kwa mashine moja.

Sasa nije kwenye jambo ninalotaka kila nyumba ilishike. Mapunye ya kichwani hayaponi kwa dawa ya kupaka peke yake. Fangasi hizi hula ule ugumu wa unywele wenyewe na huingia mpaka kwenye shina lake ndani ya ngozi. Krimu inaishia juu. Ndiyo maana mzazi anapaka wiki mbili, baka linapungua, anashangilia, kisha mwezi ujao linarudi na wenzake wawili. Kichwa kinahitaji dawa ya kumeza. Iliyozoeleka kwa watoto ni griseofulvini, ambayo humezwa kila siku kwa wiki sita hadi nane, na mara nyingine zaidi. Nyingine ni terbinafini, ambayo kwa kawaida huchukua kama wiki nne. Ipi apewe na kiasi gani, hilo ni la mganga wa zahanati au daktari baada ya kumpima mtoto uzito. Msinunue vidonge dukani kwa kukisia.

Griseofulvini inafyonzwa vizuri mwilini ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta. Huhitaji kununua kitu cha ajabu. Chai ya maziwa inatosha, au karanga, au wali wa nazi, au mboga iliyoungwa kwa karanga. Mtoto akimeza kwa maji matupu asubuhi kabla hajala, sehemu kubwa ya dawa inapotea bure. Anaweza kulalamika kichwa au tumbo siku za mwanzo. Akizidiwa au akitokwa na vipele mwilini, mrudisheni zahanati mara moja. Kama anatumia dawa nyingine yoyote, mwambieni mganga kabla hajaandika. Vidonge vya mtoto mmoja visigawiwe kwa ndugu zake, na mama mjamzito asivitumie kabisa.

Hapo hesabu ya likizo inaingia. Likizo ni mwezi mmoja, dozi ni wiki sita hadi nane. Mtoto akianza wiki hii ya kwanza, atakuwa amefika karibu nusu ya dozi au zaidi siku ya kufungua, na kiasi kilichobaki tutakisimamia pamoja. Akisubiri mpaka wiki ya mwisho, mtamleta akiwa hajaanza kupona. Na tafadhali sana, nywele zikianza kuota msidhani amepona. Nywele huota wakati fangasi bado zimo. Maliza dozi, kisha mrudishe zahanati waangalie.

Choa cha mwilini ni habari nyingine. Kile kiduara chenye ukingo ulioinuka, kinachowasha, usoni, shingoni, mkononi au tumboni, kinatibika kwa krimu kama klotrimazoli. Pakeni mara mbili kwa siku, mpite ukingo kidogo kuingia kwenye ngozi iliyo nzima, kwa wiki mbili hadi nne, na mwendelee wiki moja au mbili baada ya baka kutoweka. Marhamu ya Whitfield pia inafaa na bei yake ni nafuu, ila inachoma kwenye kidonda na isipakwe usoni. Kama choa kimeenea sehemu nyingi za mwili, au mtoto ana mapunye pia, atahitaji dawa ya kumeza.

Kuna krimu moja ninayoiogopa kuliko ugonjwa. Ni zile za mchanganyiko zinazouzwa kama dawa ya kila kitu cha ngozi, ambazo ndani yake kuna steroidi kama betamethasoni au klobetasoli. Steroidi hutuliza mwasho siku mbili tatu, wekundu unafifia, na kila mtu anasifu dawa. Chini yake fangasi zinatanuka, kwa sababu kinga ya ngozi imelazwa usingizi. Baka linapoteza ule mviringo wake, na hata mganga anapata shida kulitambua. Kina mama wengine wanachukua kidogo kwenye mkebe wa mkorogo wao wa kung'arisha ngozi na kumpaka mtoto. Naomba kwa heshima zote, mkorogo usiguse ngozi ya mtoto. Nyingi kati ya krimu hizo zina steroidi kali, na ngozi ya mtoto ni nyembamba. Mkifika duka la dawa, muulizeni muuzaji waziwazi: "Hii ina steroidi?" Akisita, acheni.

Vilevile tuachane na mafuta ya taa, unga wa ndani ya betri, na vitunguu saumu vilivyopondwa na kufungwa kichwani usiku kucha. Vitunguu saumu vibichi huunguza ngozi, na mtoto anaishia kuwa na kidonda juu ya mapunye. Kukwangua baka kwa jiwe au gunzi mpaka litoke damu kunafungua mlango kwa bakteria. Na ikitokea baka likavimba, likawa laini kama jipu, likatoa usaha na kuuma, msilitumbue na msikubali mtu alipasue. Huo ni mwili unapigana vikali na fangasi. Mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, maana akichelewa huenda likabaki kovu ambalo nywele hazitaota tena.

Nimefuatilia mapunye yanapozidi kwa mwaka, na kwa maoni yangu hatari kubwa iko kwenye Jumamosi na Jumapili za mwisho kabla shule haijafunguliwa. Watoto wote wa kijiji wananyolewa kwa siku mbili hizo. Foleni kwa kinyozi ni ndefu, mashine ni moja, na haipumziki. Vipande vya nywele vyenye fangasi vinabaki kwenye meno ya mashine, na fangasi hizo zinaweza kuishi kwenye kitana, mashine au kofia kwa miezi. Kinyozi anapopuliza meno ya mashine kwa mdomo na kuendelea na kichwa kinachofuata, hajasafisha kitu.

Kwa hiyo nawaomba wapelekeni watoto mapema, wiki moja kabla, siku ambayo kinyozi ana nafasi. Simameni pale. Mwombeni asugue meno ya mashine kwa brashi mpaka nywele zote zitoke, kisha apanguse kwa spiriti au kuyachovya kwenye maji ya jiki, na asubiri dakika kadhaa kabla ya kumgusa mtoto. Spiriti juu ya nywele zilizobaki haifanyi kazi, lazima brashi itangulie. Mnaonyoa nyumbani, mwenye mapunye anyolewe wa mwisho na vifaa vioshwe hapohapo. Kama mnatumia wembe, kila mtoto wembe wake mpya, kwa sababu wembe wa pamoja hubeba pia magonjwa ya damu, yakiwemo virusi vya Ukimwi na homa ya ini.

Kwa upande wa shule, kuanzia muhula ujao hakuna mwalimu wa zamu atakayekata nywele za mwanafunzi kwenye mstari kwa mkasi wa shule. Mtoto mwenye nywele ndefu atapewa ujumbe aende nao nyumbani. Walimu wote wamelipokea agizo hili.

Likizo hii wasichana wengi watasuka. Msusi mmoja, chanuo moja, vichwa kumi vya mtaa. Mpeni mtoto chanuo lake aende nalo, na mwenye mapunye asisuke mpaka apone. Kofia za madrasa na mashungi vifuliwe na visiazimwe. Foronya na mashuka vifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Mtu mzima wa nyumbani anaweza kubeba fangasi kichwani bila dalili yoyote, hivyo mtoto akipatikana na mapunye, ndugu anaolala nao wote wakaguliwe. Shampuu yenye ketokonazoli au seleniamu sulfaidi, mara mbili kwa wiki, hupunguza kuambukiza ingawa haitibu peke yake. Inaweza kutumiwa na nyumba nzima.

Miguu nayo ikaushwe, hasa katikati ya vidole, kabla ya kuvaa soksi. Na jambo la wasichana wetu wakubwa ambalo mama au shangazi atalieleza vizuri kuliko mimi: nguo za ndani zianikwe nje kwenye jua na hewa, zikauke kabisa. Kuzificha chini ya godoro kwa sababu ya aibu kunaleta miwasho mapajani na fangasi zisizoisha. Zifunikeni kwa kanga nyepesi kwenye kamba kama mnataka stara.

Watakaokwenda kwa babu na bibi watacheza na paka na kushika ndama. Mnyama mwenye mabaka yaliyonyonyoka manyoya anaweza kumwambukiza mtoto. Asikumbatiwe, na baada ya kuchunga mtoto anawe kwa sabuni.

Si kila baka ni fangasi za kuambukiza. Utangotango, yale madoa mepesi ya kifuani na mgongoni yanayopenda joto, hauhamii kwa mwingine na mtoto asitengwe kwa ajili yake. Upele unawasha zaidi usiku, unakaa katikati ya vidole, na tiba yake ni ya nyumba nzima kwa wakati mmoja. Na baka lililopauka au jekundu ambalo mtoto hasikii ukiligusa kwa pamba, hilo msilipake chochote. Huenda ni ukoma. Ukoma unatibika kabisa, dawa zake hutolewa bure, na ukiwahiwa mapema haumwachii mtoto ulemavu. Nendeni hospitali bila kusita.

Mwisho wa maelekezo, kuhusu mahudhurio. Mwenye mapunye hatarudishwa nyumbani. Akishaanza dawa, anakaa darasani kama wenzake, na akitaka kuvaa kofia yake safi mpaka nywele ziote, ruhusa ipo. Siku ya kufungua, mzazi wa mtoto aliye kwenye dozi aje na daftari la zahanati amwone mwalimu wa afya, waandikiane siku zilizobaki na saa ya kumeza. Wenye kadi ya bima ya afya waende nayo zahanati. Ambaye gharama ya dawa inamshinda, aje aniambie mimi mwenyewe ofisini kabla ya wiki hii kuisha, nitakuwepo kila asubuhi, ili tuongee na mganga mfawidhi na kamati ya shule tuone la kufanya.

Wako watoto wamepachikwa majina humu shuleni kwa ajili ya vichwa vyao, na mmoja alianza kujificha chooni wakati wa mapumziko. Tumeshazungumza na wanafunzi kuhusu hilo na tutaendelea. Nanyi zungumzeni na wanenu mezani, hata kama wa kwenu hana mapunye.

Nawatakia likizo njema.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu Mkuu

Nakala: Mwenyekiti wa Kamati ya Shule, Mganga Mfawidhi wa Zahanati, Mtendaji wa Kijiji.