Malalamiko: tabo imebadilishwa, chanzo kimeachwa

Meneja wa Huduma,
Kampuni ya Matengenezo ya Injini za Meli,
Dar es Salaam.

14 Agosti 2024

Ndugu Meneja,

YAH: KUKATALIWA DHAMANA YA TABO YA INJINI KUU

Husika na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni fundi mkuu wa mitambo katika chombo cha mizigo kinachofanya safari za Dar es Salaam na Kilindoni, Mafia. Mwezi Mei mlitufungia tabo mpya, yaani mtambo unaosukuma hewa ndani ya injini kwa nguvu ya gesi ya eksozi. Julai ikaanza kutema oili. Barua yenu ya wiki iliyopita inasema dhamana haipo kwa sababu eti tunazima injini ikiwa bado ya moto, na mmeambatanisha bei ya tabo nyingine. Sikubaliani na yote mawili.

Kweli, kuzima injini ghafla ikitoka kwenye mzigo kunaua tabo. Oili inakatika shafti ikiwa bado inazunguka, na ile iliyobaki kwenye beringi inaungua na kuganda. Ndiyo maana sisi tukishafunga kamba gatini tunaiacha injini ingurume taratibu dakika 5 kabla ya kuzima. Daftari la injini linaonyesha saa ya kufika na saa ya kuzima. Fundi wenu hakuliomba. Isitoshe, tabo iliyoungua hujisema yenyewe: shafti inakuwa nyeusi, beringi zinabadilika rangi. Hii shafti yake inang'aa, haichezi kupita kiasi, na mapanga hayajagusa ganda.

Siku tatizo lilipojitokeza Julai, tulikuwa tumepakia saruji, upepo wa kusi unatukabili, joto la eksozi likapanda kutoka nyuzi 390 tulizozizoea hadi 460. Presha ya hewa ikashuka kutoka bar 1.5 hadi chini ya 1. Moshi ukaanza wa bluu, kisha mweusi. Nahodha akapunguza mwendo, tukajikongoja hadi Kilindoni. Nilipofungua hozi ya hewa inayokwenda kwenye intakula (kipozea hewa kabla haijaingia kwenye injini), nikakuta oili imetuama ndani.

Fundi wenu alipoiona oili hiyo akasema sili zimekufa, basi, akaandika tabo nyingine. Ndugu Meneja, sili za tabo si mpira. Ni ringi ndogo za chuma. Zinazuia oili kwa msaada wa presha ya hewa na gesi iliyo upande wa pili, na kwa sharti kwamba oili iliyoingia iweze kushuka yenyewe kurudi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Njia ya kurudi ikibanwa, au presha ndani ya sampu ikizidi, oili itatafuta pa kutokea hata kama tabo imetoka kiwandani jana. Kwa hiyo kitu cha kwanza kukaguliwa ni bomba la kurudisha oili na pumzi ya injini, yaani njia ya kutolea presha ya ndani ya sampu. Fundi wenu hakugusa hata kimoja.

Bomba nimelifungua mimi, yeye akiwa amesimama pale pale. Kwenye flanji, pale bomba linapoungwa kwa boliti, hamkuweka gasketi, mlipaka silikoni. Boliti zilipokazwa, silikoni ikajikunja kwa ndani na kuziba zaidi ya nusu ya tundu, kipande kimoja kinaning'inia kama ulimi. Watengenezaji wa tabo hukataza silikoni mahali hapo, na kwa kawaida katazo hilo limo kwenye karatasi inayokuja na tabo. Ya kwetu sijui iliishia wapi. Boksi lilikuja limeshafunguliwa.

Oili hiyo imekwenda kuchanganyika na vumbi kwenye mapezi ya intakula. Hewa haipiti vizuri na haipoi, injini inakosa pumzi, ndipo moshi unapokuwa mweusi. Mkifunga tabo nyingine juu ya uchafu huo, kabla mwaka haujaisha tutaandikiana tena.

Lipo pia suala la ile tabo ya zamani mliyoitoa Mei. Mapanga yake ya upande wa eksozi yalikuwa yamepigwa na kitu kigumu. Chuma hakiingii humo kutoka hewani. Kinatoka kwenye valvu, ringi au manifoldi. Ankara yenu ina tabo, oili na ufundi tu. Hakuna mahali panapoonyesha kwamba mlitafuta kipande hicho kimetoka wapi.

Tunaomba mfute barua ya kukataa dhamana, mje kufunga gasketi stahiki, na msafishe intakula pande zote mbili, ya hewa na ya maji ya bahari, kwa gharama zenu. Mchezo wa shafti upimwe kwa geji, presha ya oili ipimwe kwenye mlango wa tabo, na vipimo viandikwe kwenye ripoti yenye sahihi. Tunasubiri jibu ndani ya siku 14. Likikosekana, mwenye chombo atalikabidhi suala hili kwa wakili wake.

Tabo ya zamani iko kwenye karakana yenu. Msiiuze chuma chakavu, tunaihitaji.

Wako,

Fundi Mkuu wa Mitambo

Nakala: Mwenye chombo, Nahodha