Kwa Somo Wangu wa Lindi, Kuhusu Mtaji Wako wa Poka

Shangani, Mtwara
8 Juni

Somo yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Baada ya salamu, nakuarifu kwamba sisi huku ni wazima na mikorosho imeanza kuchipua.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Kilichonishtua si zile dola 50 ulizopoteza kwenye poka ya mtandaoni kwa usiku mmoja, bali ni sentensi ya mwisho, unaposema kwamba utachukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, ili uzirudishe. Nakusihi usichukue.

Kwanza, hukuibiwa. Ulikuwa na ree mbili, mwenzako alikuwa na wafalme wawili, mkaweka fedha zote kabla karata za mezani hazijafunuliwa, akashinda, nawe ukahitimisha kwamba tovuti ina hila. Katika hali kama hiyo mwenye ree hushinda takriban mara 82 katika 100, maana yake hushindwa mara 18, na mtu anayecheza maelfu ya mikono, yaani migawo ya karata, hana budi kukutana na hizo 18, tena wakati mwingine zikifuatana. Karata zako ulizicheza vizuri. Kosa lilikwisha kutendeka kabla hazijagawiwa, pale ulipoketi na mtaji wa dola 150 kwenye meza ya senti 25 kwa 50, yaani madau ya lazima (blaindi) ndogo na kubwa, ambayo kiingilio chake kamili, yaani blaindi kubwa 100, ni dola 50. Ulikuwa na viingilio 3 tu. Wachezaji makini wa meza za fedha, ambako mtu huketi na kuondoka na fedha zake atakapo, hutaka angalau 20, na wengi hawaketi bila 30. Wale wa mashindano hutaka 100 au zaidi, kwa sababu mashindanoni walio wengi hutoka mikono mitupu na zawadi kubwa huwaendea wachache wanaobaki mwisho.

Usidhani kwamba hayo ni ya waoga. Chris Ferguson, Mmarekani aliyetwaa ubingwa wa dunia mwaka 2000, alianza mwaka 2006 bila senti hata moja, akicheza mashindano yasiyo na kiingilio, mpaka akafikisha dola 10,000. Alijiwekea sharti la kutoingiza zaidi ya asilimia 5 ya mtaji wake kwenye meza yoyote ya fedha, na fedha zikipungua alirudi meza za chini. Ilimchukua zaidi ya mwaka, naye alikuwa bingwa.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijapata kumwambia mtu. Miaka michache iliyopita nilikuwa na fedha za palizi na za kukodi mashine ya kupulizia salfa, nami nikazihamishia kwenye akaunti ya poka nikijiambia kwamba ningezirejesha kabla ya Julai. Zilikwisha kwa siku nne. Maua yalipotoka, ubwiriunga, ukungu ambao salfa huuzuia, uliyashambulia, na msimu ule nilipeleka ghalani magunia machache hata karani wa AMCOS, chama chetu cha ushirika, akaniuliza kama nilikuwa naumwa. Mke wangu aliamini kwamba mvua ndiyo iliyoharibu. Tangu hapo nimeelewa kwamba anayekopa ili acheze ni sawa na mkulima anayeuza kangomba, yaani kwa walanguzi kabla ya mavuno: korosho zingali mauani, naye amekwisha kuzila kwa bei ya kutupa, na hata mavuno yakija mema si yake tena.

Zimekubakia dola 100. Ukikubali ushauri wangu, hamia meza ya senti 1 kwa 2, ambayo kiingilio chake ni dola 2, uwe na viingilio 50; ukifikisha dola 150, panda kwenye senti 2 kwa 5, na ukirudi tena chini ya dola 100, shuka siku hiyo hiyo bila kuona haya. Andika kila kikao katika daftari: saa, meza, ulichoingia nacho na ulichotoka nacho. Zikiisha zote, basi, zisijazwe kutoka kwenye kodi wala ada za watoto. Nakwambia kwa moyo mweupe, wanaopata faida ya kudumu ni wachache, kwani mwenye meza hukata kamisheni yake kabla yenu nyote.

Jambo moja dogo: usirundike fedha kwenye akaunti ya tovuti. Tarehe 15 Aprili 2011 serikali ya Marekani ilizifunga tovuti kubwa za poka, ikiwemo Full Tilt Poker, ambako ndiko Ferguson alikokuwa akichezea, na wachezaji wengi wa Marekani wakasubiri fedha zao hadi mwaka 2014.

Mwisho wa mwezi nitapanda basi nije Lindi, inshallah. Kama mwenye mkopo amekwisha kukupa fedha, usizitumie. Zirudishe kesho asubuhi, na riba ya siku hizo chache nitailipa mimi.

Wako akupendaye,
Somo