Picha ya kikombe cha Kiyahudi mliikata pabaya

Mhariri,

Wiki jana mlichapa picha ya kikombe cha fedha chenye mguu, mkaandika chini yake "kombe la mapambo". Mimi ni sonara hapa Mkomani, Lamu, na chombo cha namna ile nimekishika: mgeni aliyefikia Shela aliniletea cha kwao nikitie lehemu, mguu ulikuwa umebanduka. Kile ni kikombe cha Kidushi. Ijumaa jioni Sabato ikiingia, Mayahudi hukijaza divai, au maji ya zabibu yasiyochacha, mtu akakiinua akasoma dua, kisha wakanywa.

Chombo cha ibada hakitiwi nakshi ovyo. Hata ukubwa wake una sharti: kisipungue kipimo chao cha kale, ambacho baadhi ya wanazuoni wao hukikadiria kuwa mililita 86 na wengine 150. Kisiwe kimemeguka mdomo. Fedha si lazima, kioo nacho hufaa, ila wana mafundisho kwamba amri ya Mungu itimizwe kwa kitu kizuri, na hapo ndipo sonara anapopata kazi. Mizabibu na vichala huchorwa kwa kuwa dua yenyewe inamtukuza Muumba wa tunda la mzabibu. Majengo yakiwepo, mara nyingi ni Yerusalemu.

Kilichoniuma hasa ni maandishi. Picha mmeikata chini kidogo ya ukingo, zikabaki nyayo za herufi tu. Mahali hapo mafundi wengi huzungusha aya ya Kutoka 20:8, "Ikumbuke siku ya Sabato uitakase". Kiebrania huandikwa kutoka kulia kama Kiarabu, na aliyewahi kuchora aya kwenye mrashi anaijua taabu yake: neno la mwisho lifike lilipoanzia la kwanza bila kubanana. Unapima mzunguko kwa uzi, unaugawanya, unachora kwa ncha ya sindano, ndipo unashika tindo. Herufi ikikosewa hapo, fedha haifutiki. Kazi hiyo ndiyo mliyoitupa kwa mkasi!

Msishangae Mwislamu kulisemea hili. Huko Augsburg na Nuremberg, miji ya Ujerumani, karne ya 17 na ya 18, vikombe vingi vya Mayahudi vilifuliwa na masonara Wakristo, maana vyama vya mafundi viliwafungia Mayahudi mlango. Yemen, walikotoka babu za wengi wetu hapa Amu, masonara wa Kiyahudi ndio waliosuka nyuzi za fedha kwa mapambo ya bibi harusi wa Kiislamu, mpaka wengi wao walipohamia Israeli mwaka 1949 na 1950.

Naomba picha ile muichape tena nzima, kwa jina lake. Mkiweza, mpigapicha akizungushe kikombe apige pande tatu, maana aya haionekani yote kwa upande mmoja. Vijana ninaowafundisha kazi wanaingoja, wapate kuona fundi yule alivyozigawa herufi zake.

Sonara,
Mkomani, Lamu