Kwako mdogo wangu, kabla hamjarekodi tukio la saba

Mdogo wangu,

Hongera tena. Sirizi ya walinzi wa rais inakuja mtandaoni na mwandishi ni wewe. Kuanzia Arua hadi Kampala ukoo mzima unasubiri, nami nasubiri. Ila tukio la saba, lile ulilotusomea kwenye arobaini ya baba mdogo, halijanitoka rohoni. Risasi inalia, mlinzi mkuu anamwacha rais jukwaani na kumfukuza mshambuliaji hadi sokoni. Nilipokukatiza ukasema watu hawataki kutazama mlinzi anayesimama tu kama mlango. Ukayasema hayo nyumbani kwa marehemu, aliyestaafu akiifanya kazi hiyohiyo!

Mlinzi wa karibu haanzi na bastola. Anapaza sauti kutaja hatari na upande inakotokea, anamkunja mzee, yaani rais anayemlinda, kiunoni, anamfunika kwa mwili wake, anamsukuma garini. Kujibu risasi ni kazi ya walio mzunguko wa nje. Wa karibu akisimama kulenga, mzee naye amesimama palepale alipolengwa. Tena adui huenda hayuko peke yake. Lugogo, Kampala, 19 Desemba 1969, Rais Obote alipigwa risasi ya mdomo akitoka kwenye mkutano wa chama chake, UPC, na bomu la mkono likatupwa pia, bahati halikulipuka. Mlinzi wako angekuwa wapi wakati huo? Sokoni.

Unataka msisimko? Washington, 30 Machi 1981: risasi 6 chini ya sekunde 2. Tim McCarthy, mlinzi wa Rais Reagan wa Marekani, akageukia bunduki, akatanua mwili, akapokea risasi ya tumbo; akapona. Mlinzi mwenzake, Jerry Parr, akamsukumia Reagan garini. Lakini risasi moja ilikuwa imegonga ubavu wa gari, ikadunda na kumwingia rais chini ya kwapa la kushoto, na hakuna aliyejua. Parr akampapasa mwili mzima, asione damu, gari likielekea Ikulu. Kisha akaona damu yenye povu mdomoni, akajua ni pafu, akaamuru wageuze kwenda hospitali. Andika kiti cha nyuma cha gari kama hilo, dakika chache tu, na hakuna atakayezima simu.

Dereva wako pia asishuke kumfungulia mzee mlango. Yeye hukaa kwenye usukani, injini ikiwaka. Walinzi watazame mikono ya watu kabla ya nyuso. Hospitali huchaguliwa kabla msafara haujaondoka, na kundi la damu la mzee hujulikana.

Nasikia unawaambia watu nilikuonea wivu. Wivu wa nini, nami ndiye niliyekusomea kurasa zako za kwanza usiku kucha? Ningenyamaza siku ile, watoto wa marehemu wangeamini baba yao alikuwa pambo la jukwaani. Kunyamaza kusingekuwa heshima kwako wala kwake.

Nipigie kabla hamjarekodi, hata usiku wa manane. Kama tukio litabaki lilivyo, jina la baba mdogo liondoe kwenye shukrani.

Kaka yako