Barua ya Malalamiko Kuhusu Lebo ya "0% GMO" Kwenye Unga Wenu wa Soya

Buhongwa, Mwanza
17 Machi 2025

Mkurugenzi Mtendaji,
Makao Makuu ya Kampuni.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: LEBO YA UNGA WA SOYA NA JINSI NILIVYOTENDEWA KATIKA TAWI LENU LA MWANZA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ninaandika kwa heshima, ingawa heshima hiyo imenigharimu siku sita za kusubiri mkono uache kutetemeka kila niliposhika kalamu. Siku ya Jumanne, 11 Machi 2025, saa nne asubuhi, katika ofisi ya tawi lenu hapa Mwanza, meneja wenu wa mauzo alinipokonya karatasi niliyokuwa ninaisoma, akaniambia mbele ya wateja wapatao kumi na wawili, "Bibi, rudi kwenye uji wako. GMO utaijulia wapi wewe?" Kisha akamwita mlinzi anitoe nje. Nilikuwa nimeuliza swali moja tu, na swali hilo ninaliweka hapa kwa maandishi ili asipatikane wa kusema hakulisikia: maneno "0% GMO, imethibitishwa maabara", yaani kwamba hamna zao lililobadilishwa vinasaba, yaliyo kwenye mfuko wenu wa soya wa kilo 25, nani aliyathibitisha, kwa kipimo gani, na kwa mzigo upi?

Sera yenu ya huduma kwa mteja mnaijua kuliko mimi. Imetundikwa ukutani kwenye fremu, juu ya kiti alichokalia meneja huyo wakati ananifukuza, kwa hiyo sina haja ya kuirudia.

Mifuko hiyo niliinunua tarehe 3 Machi, mifuko 12 kwa shilingi 900,000, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ninayo. Soya ninaichanganya na mahindi, mtama, ulezi na karanga katika unga wa lishe ninaousaga hapa Buhongwa, na wanunuzi wangu wengi ni akina mama wenye watoto wadogo, wengine wakivuka na kivuko cha Kamanga kutoka upande wa Sengerema kwa sababu tu mwenzao aliwaambia kwamba unga wa Mwalimu hauna ujanja. Mmoja wao aliniuliza waziwazi kama ndani mna GMO. Nilimwonyesha mfuko wenu. Niliyasoma maandishi yenu kwa kinywa changu mwenyewe, na hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko hata zile fedha.

Tarehe 5 nilikuwa ninafungua mfuko wa tano. Unyevu wa mvua ulikuwa umelegeza kona ya lebo, nikagundua kwamba haikuchapwa kwenye mfuko bali ilikuwa kibandiko, nikakivuta. Kibandiko kinasema kwa herufi kubwa za kijani, "Soya halisi ya Songea." Chini yake, kwenye mfuko wenyewe, pameandikwa kwamba unga huo ni zao la Argentina. Namba ya toleo iliyo juu na iliyo chini hazifanani hata tarakimu moja. Mifuko saba iliyobaki nayo ilikuwa hivyo hivyo.

Kama soya ile ingekuwa ya Songea nisingekuwa na la kusema, maana nchi yetu haijaruhusu mkulima yeyote apande mbegu za GMO, na hata majaribio ya mahindi kule Makutupora, Dodoma, Serikali iliagiza mwaka 2018 yasimamishwe na masalia yake yateketezwe. Argentina ni habari nyingine. Nchi hiyo iliidhinisha soya inayostahimili dawa ya magugu mwaka 1996, na leo karibu soya yote inayolimwa huko imebadilishwa vinasaba. Sisemi kwamba soya ya kawaida haipatikani huko. Inapatikana, kwa mtu aliyeitenga tangu shambani, ghalani, kwenye lori na melini, na mwenye karatasi inayoufuata mzigo huo kila ulipopita kutoka kwa muuzaji mmoja kwenda kwa mwingine. Karatasi hiyo ndiyo niliyoiomba.

Meneja wenu alitoa cheti kwenye droo, akanipa kwa ncha za vidole kama mtu anayempa ombaomba sarafu. Nilivaa miwani, nikasoma. Nilipofika mstari wa nne niliona kwamba cheti kilikuwa cha unga wa mahindi, na ni cha mwaka 2021. Nilisema kwa sauti ya kawaida, "Samahani, hiki ni cha mahindi." Hapo ndipo karatasi iliponitoka mikononi kwa nguvu hata ikachanika pembe. Pembe hiyo ninayo, nimeibana pamoja na risiti.

GMO nitaijulia wapi? Nimefundisha Baiolojia katika shule za sekondari za mkoa huu kwa miaka 31, na nimechora uzi wa DNA ubaoni mara nyingi kuliko meneja wenu alivyosaini ankara. Kwa kuwa yeye hakunipa nafasi ya kusema, nitasema hapa.

Hakuna maabara inayoweza kuthibitisha sifuri. Maabara ya kweli huandika kwamba "haikugundulika", kwa maana ya kwamba kama ipo, iko chini ya kiwango ambacho kipimo chake kinaweza kukiona. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya umeweka asilimia 0.9 ya kila kiambato kwa mchanganyiko uliotokea kwa bahati mbaya, na Marekani asilimia 5. Hao wenye maabara kila kona hawathubutu kudai sifuri, ninyi mmeichapa kwenye kibandiko kinachobanduka kwa mvua ya Machi.

Halafu kuna swali la kipimo. Kama mlitumia vile vijiti vya haraka vinavyochovywa kwenye maji ya unga, hivyo hutafuta protini, na unga wenu umetengenezwa kwa soya iliyokaangwa. Joto huiharibu protini, kwa hiyo kijiti kinaweza kusema hakuna kitu wakati kitu kipo. Kwa unga wa namna hiyo kinachofaa ni kipimo cha PCR, kinachotafuta vipande vya vinasaba vilivyopandikizwa. Hata hicho kina mtego wake. Maabara nyingi huanza kwa kutafuta vipande viwili, kimoja kiitwacho 35S kilichotoka kwa virusi vya koliflawa, na kingine kiitwacho NOS kilichotoka kwa bakteria wa udongo. Soya ya kwanza ya mwaka 1996 inavyo vyote viwili. Aina ya baadaye, MON 89788, haina hata kimoja, na maabara iliyoishia kwenye vipande hivyo viwili itaipitisha kama soya safi. Hivyo hata mngekuwa na cheti cha soya, bado ningeuliza mlitafuta nini, na sampuli mliichota kwenye mifuko mingapi, kwa sababu kijiko kimoja cha mfuko mmoja hakiwezi kuusemea mzigo wa kontena zima. Haya ni maswali ambayo ofisa wenu wa ubora alipaswa kuwa na majibu yake kwenye faili kabla mashine ya vibandiko haijawashwa.

Nikiwa kwenye foleni niliona pia kwamba mafuta yenu ya alizeti yana alama ile ile ya kijani. Alizeti ya GMO hailimwi kibiashara mahali popote duniani. Mnamtoza mteja kwa sifa ambayo mafuta ya mzee yeyote wa Singida anayekamua kwa mashine yake uani yanayo bila kuitangaza. Tena mafuta yaliyosafishwa kiwandani kwa kawaida hayabaki na vinasaba vya kutosha kupimika kwa uhakika, kwa hiyo hayo maneno "imethibitishwa maabara" kwenye chupa hiyo sijui hata yalipata wapi ujasiri wa kuandikwa.

Nisije nikajibiwa na mwanasheria wenu kwamba chakula cha GMO hakijathibitika kudhuru. Ninalijua hilo. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba vyakula hivyo vilivyo katika soko la kimataifa vimepitishwa kwenye tathmini za usalama na havielekei kuwa hatari kwa afya, na sijawahi kumtisha mnunuzi wangu kwa jambo hilo. Mngeandika kwamba soya hii ni ya Argentina na huenda imebadilishwa vinasaba, pengine ningenunua, pengine nisingenunua, na yule mama wa Sengerema naye angeamua la kwake. Mlichofanya ni kumwamulia, kisha mkanitumia mimi kumfikishia uongo.

Nilipaswa kutaja mapema kwamba sikuvamia ofisi yenu. Tarehe 6 na tarehe 7 nilipiga simu kwenye namba iliyo kwenye mfuko. Mara ya kwanza niliambiwa nitume barua pepe, nikatuma, pamoja na picha za kibandiko. Mara ya pili niliambiwa barua pepe haijaonekana, kisha simu ikakatwa. Ndipo nikapanda daladala.

Na hapo ofisini, Ndugu Mkurugenzi, kuna jambo nimelipita kwa makusudi, nami sasa ninalirudia. Meneja alipokwisha kuipokonya karatasi na kusema habari ya bibi na uji, watu kwenye foleni walicheka. Si wote, lakini walicheka. Mlinzi akaja. Alikuwa mwanafunzi wangu, nilimfundisha kidato cha tatu na cha nne. Akasimama mbele yangu, akasema kwa sauti ya chini, "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitikia, "Marahaba, mwanangu." Meneja akapaza sauti, "Sijakuita umsalimie, mtoe!" Kijana akanishika kiwiko kama anavyoshikwa mgonjwa anayeshushwa kitandani, na mkono wake ulikuwa unatetemeka kuliko wangu. Hapo wale waliokuwa wanacheka wakanyamaza. Nje mvua ilikuwa inanyesha, na mwavuli wangu ulikuwa umebaki ndani, kando ya kiti. Kijana aliomba arudi kuuchukua. Alikataliwa. Nilisimama chini ya paa la duka la jirani, nina umri wa miaka 66, nikiwa nimelowa mpaka kwenye viatu, na mwavuli huo mpaka leo uko ofisini kwenu.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kudai mambo mawili, jibu la swali langu na kuombwa radhi. Nimeyaandika, nimeyasoma tena, nimeona hayatoshi. Ninadai mnirudishie shilingi 900,000 zote, si za mifuko saba tu, kwa maana soya ya mifuko mitano nilikwisha kuichanganya na nafaka zangu, na unga huo nimeuzuia kuuza hadi nijue ninawauzia nini watoto wa watu. Gharama ya nafaka hizo mtailipa pia, na hesabu yake nimeiambatisha. Ninadai mifuko yote yenye kibandiko hicho iondolewe madukani Kanda ya Ziwa nzima, na sampuli zichukuliwe na wakaguzi, si na watu wenu, zipimwe katika maabara isiyolipwa mshahara na ninyi, lakini kwa gharama yenu. Barua ya kuniomba radhi itundikwe kwenye ukuta ule ule, kando ya ile sera, kwa siku 30, ikitaja kwamba mteja aliyetolewa alikuwa amesema kweli kuhusu cheti. Mwavuli uletwe Buhongwa, na auletaye awe meneja mwenyewe.

Nikisikia kwamba yule kijana amepoteza kazi kwa kosa la kunisalimia, basi yote niliyoyaandika hapo juu myahesabu kuwa ni utangulizi tu.

Katika nakala ya kwanza niliwapa siku 14. Nimezifuta, ni siku saba. Zikipita, Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula, litapokea faili langu kupitia ofisi yake ya Kanda ya Ziwa, na Tume ya Ushindani itapokea la kwake kuhusu kumpotosha mlaji, kwa Sheria ya mwaka 2003. Mifuko miwili ambayo haijafunguliwa, vibandiko vikiwa vimebanduliwa nusu ili maandishi ya juu na ya chini yaonekane kwa pamoja, nimeifunga kwa lakiri mbele ya mwenyekiti wetu wa mtaa, naye ametia sahihi na muhuri. Haitatoka kwangu isipokuwa kwa mkaguzi au kwa hakimu. Na kila mama atakayekuja kununua unga kuanzia siku hiyo nitamwonyesha picha za vibandiko hivyo kabla hajafungua pochi, na jina la kampuni yenu sitalificha.

Wenu katika kudai haki,

Mwalimu mstaafu na msagaji wa unga wa lishe,
Buhongwa.

Viambatisho: nakala ya risiti, picha za vibandiko, hesabu ya nafaka, picha ya pembe ya cheti.

Nakala: Hakuna, hadi Jumatatu, 24 Machi 2025, saa kumi jioni.