Mguu wa Omari

Shela, Lamu

Shoga yangu Mwanaisha,

Asalaam aleikum. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia mama yuko salama. Lakini nilipofika pale kwenye mguu wa Omari, moyo ulinipasuka. Wasema amechomwa na mwiba nyuma ya zizi la mbuzi, tundu limeshajifunga, na kwa vile haukuwa msumari wa kutu huna wasiwasi. Mimi ninao, naogopa pepopunda.

Habari ya msumari wa kutu tumeisikia tangu utoto. Kutu haileti pepopunda, shoga. Inaletwa na kijidudu kinachokaa kwenye udongo, vumbi na mavi ya wanyama, nacho huweza kulala humo miaka mingi kikiwa hai. Msumari hulaumiwa kwa sababu umelala kwenye uchafu huo, kisha unatoboa nyama. Hata mpya unaong'aa, ukidondoka zizini, hatari ni ileile. Hapa Lamu punda wanapita kila kichochoro. Mavi yanakauka, yanasagwa na nyayo hadi yanakuwa vumbi, na watoto wako pekupeku juu yake kutwa.

Hilo tundu kujifunga ndilo linalonitisha zaidi. Kijidudu hiki hustawi pasipo hewa, na tundu la mwiba ni jembamba, refu, limezibika juu. Humo ndani kinaamka na kutoa sumu inayoshika mishipa ya fahamu. Dalili huja kati ya siku 3 na 21, mara nyingi baada ya wiki moja hivi, wakati watu wameshausahau mwiba wenyewe. Taya linakaza, mtoto hawezi kufungua kinywa, shingo inakakamaa, mgongo unapinda. Wengine wakiona hivyo hukimbilia kwa mganga wa pepo, na muda wa hospitali unapotea. Inaniuma sana.

Kahawa uliyompaka ioshe yote kwa sabuni na maji safi. Kisha mpeleke zahanati leo, usingoje Ijumaa. Chukua kadi yake ya kliniki. Zile sindano za wiki 6, 10 na 14 zilimkinga, ila kinga hupungua na mwanetu sasa ana miaka kumi na miwili. Kadi ikiwa imepotea sema hivyo hivyo, watajua la kufanya.

Wadogo zake wacha walale naye. Ugonjwa huu hauambukizwi na mtu. Na umwambie mjomba kuwa kuugua pepopunda na kupona hakumkingi mtu. Sumu inayotosha kumlaza mtu ni kidogo mno hata mwili haujifunzi kujilinda nayo, kwa hiyo naye anahitaji chanjo kama mwingine yeyote.

Wewe mwenyewe nadhani mara ya mwisho kuchanjwa ilikuwa mimba ya Omari. Waambie wakupe na wewe, kisha nipigie simu mkitoka huko.

Akupendaye,
Zuhura