Bwana afya wa enzi za Victoria hakutoza faini

Mhariri,

Makala yenu kuhusu ukaguzi wa nyumba Uingereza enzi za Malkia Victoria imemchora bwana afya kama mtu wa kuingia, kunusa na kutoza faini papo hapo. Faini haikuwa yake kutoza.

Chini ya Sheria ya Afya ya Umma ya 1875, nje ya London, ukaguzi wa kero, yaani uchafu au ubovu unaohatarisha afya, ulifanyika kati ya saa 3 asubuhi na saa 12 jioni. Kero ikionekana, halmashauri ilitoa ilani yenye muda wa kurekebisha. Kasoro ikiwa ya jengo lenyewe, ilani ilimwendea mwenye nyumba, si mpangaji. Akipuuza, alipelekwa kwa hakimu. Na akikaidi amri ya hakimu, alitozwa hadi shilingi 10 kwa kila siku ya ukaidi.

Kazi ngumu ilikuwa kuthibitisha kwamba bomba linavuja. Mtu mmoja alipanda paani, akamimina wakia 2 hivi za mafuta ya peremende kwenye mdomo wa bomba la choo, akafuatisha ndoo ya maji ya moto, kisha akauziba mdomo kwa tambara. Mwenzake alikuwa ndani, madirisha yamefungwa, akinusa chumba kwa chumba. Harufu ikitokea chini ya sinki, ubovu uko karibu na hapo. Lakini aliyemimina akishuka mapema na kuingia ndani, nyumba nzima hunuka peremende ya mikono yake, na jaribio limekufa. Alibaki paani mpaka mwenzake amalize. Moshi uliopulizwa bombani kwa mvukuto ulikuwa afadhali, maana huonekana kwa macho.

Kosa la hatari lilikuwa kwenye tangi la maji ya kunywa. Bomba la kutolea maji yaliyozidi liliungwa moja kwa moja na bomba la choo. Mtego wake wa maji, yaani kipindo cha bomba kinachobaki na maji ili kuzuia hewa chafu, ulikauka, kwa kuwa tangi hufurika mara chache, na hewa ya choo ikapanda hadi kwenye maji ya kunywa. Dawa yake ilikuwa kulikata bomba na kulitoboza nje ya ukuta, limwage hewani. (Wengi waliamini hewa hiyo ndiyo inayozaa homa ya matumbo. Walikosea, ila bomba lilistahili kukatwa.)

Makala yenu imehesabu ilani; hesabuni pia ziara za pili, za kukagua kama ukarabati umefanyika sawasawa. Fundi wa bei rahisi alipakapaka kiungo kibovu kwa juu tu, akaondoka. Ndiyo maana mfereji mpya wa maji machafu ulizibwa upande wa chini na kujazwa maji kabla ya kufukiwa. Kina cha maji kikishuka, fundi aliutengeneza upya.

Msomaji wenu